Kufika Beppu kwa treni: tiketi, stesheni, na basi la kukupandisha mlimani

Kila inapokaribia Aprili na Septemba, miezi ambayo chuo kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific (APU) hupokea wanafunzi wapya, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimepata nafasi Beppu. Nikitua Fukuoka nafanyaje?" Nimejibu swali hilo mara nyingi, vipande vipande, usiku wa manane. Sasa nayaweka majibu yote mahali pamoja.

Kwanza, ujue unakokwenda. Beppu ni mji wa pwani wenye watu laki moja na ushee, mkoa wa Oita, katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Una chemchemi za maji ya moto zaidi ya 2,000, na mvuke unatoka hadi kwenye mifereji ya barabarani. Mgeni akiuona mara ya kwanza hudhani pana moto. Stesheni yake ilifunguliwa mwaka 1911 kwenye reli ya Nippo, ile inayoanzia Kokura upande wa kaskazini na kushuka na ufuko wa mashariki hadi Kagoshima. Ni stesheni ndogo: reli zimeinuliwa juu ya nguzo, majukwaa mawili, njia nne, na maduka yamejipanga chini yake. Shinkansen, ile treni ya mwendokasi, haifiki hapa. Ukimsikia mtu anasema atapanda shinkansen mpaka Beppu, mwambie atashuka Kokura na kubadili.

Hatua ya kwanza: amua kama treni ndiyo inayokufaa

Ukitua Fukuoka una njia mbili. Ya treni: unatoka jengo la safari za kimataifa, unapanda basi la bure la uwanja hadi jengo la safari za ndani, unashuka chini kwenye treni ya chini ya ardhi, vituo viwili tu uko Hakata, ambayo ndiyo stesheni kuu ya Fukuoka. Hapo unapanda ekspresi iitwayo Sonic, na baada ya saa mbili hivi uko Beppu. Ya basi: yapo mabasi ya masafa yanayotoka uwanja wa ndege wa Fukuoka moja kwa moja hadi Beppu. Sanduku linaingia kwenye buti, unalala, unaamka umefika.

Nikiulizwa na mtu mwenye masanduku mawili ya kilo 23 na begi la mgongoni lililojaa unga wa ugali, namwambia apande basi. Treni ni nzuri mno, lakini kubadili mara tatu na mizigo ya kuhamia nchi si starehe. Mwenye sanduku moja, au anayetoka Osaka au Tokyo kwa shinkansen, apande treni bila kusita.

Wanaotua Osaka wana njia ya tatu ambayo wengi hawaijui: meli ya usiku ya Sunflower kutoka bandari ya Osaka hadi Beppu. Unapanda jioni, unalala, asubuhi unaona milima ya Beppu dirishani. Mtu wa Unguja au Mombasa ataielewa mara moja raha ya kuingia mji kwa bahari.

Na ukitua Tokyo kisha ukaunganisha ndege ya ndani hadi uwanja wa Oita, basi la uwanja litakuleta Beppu kwa muda wa kama dakika 50. Uwanja huo uko mbali na mji wa Oita, ng'ambo ya ghuba kwenye rasi ya Kunisaki, kwa hiyo usidanganywe na jina lake ukadhani utachukua teksi.

Hatua ya pili: elewa kwamba safari moja ina malipo mawili

Hapa ndipo karibu kila mgeni hukwama, tena si kwa sababu ya lugha. Kwenye reli za Japani, treni ya ekspresi ina nauli yenyewe, ambayo ni bei ya kutoka mahali fulani hadi pengine, na ada ya ekspresi, ambayo ni bei ya kupanda treni inayokwenda kasi na kuruka vituo. Ya kwanza huitwa "joshaken", ya pili "tokkyuken". Zinaweza kutoka kwenye karatasi moja, zinaweza kutoka kwenye mbili. Ukiwa na nauli bila ada, umepanda treni isiyo yako.

Ada yenyewe ina namna mbili. "Shiteiseki" ni kiti chenye nambari, kimeandikwa chako. "Jiyuseki" ni behewa la kiti huru, anayewahi anakaa, na bei iko chini kidogo. Siku ya kawaida mchana, kiti huru kinatosha kabisa. Ijumaa jioni, mwanzo wa Mei ambapo kuna mfululizo wa sikukuu, katikati ya Agosti, na mwisho wa mwaka, lipia kiti chenye nambari. Kusimama saa mbili kwenye treni inayojipinda kwenye kona si mchezo.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la kadi. Nilikuwa na SUGOCA, kadi ya kugusa ya reli za Kyushu, ina pesa za kutosha. Nikagusa getini, geti likafunguka, nikapanda Sonic kwenda Oita nikiwa najiona mwenyeji. Kondakta akapita, akainama, akauliza tiketi. Nikaonyesha kadi kwa fahari. Akatabasamu, akatoa kimashine kilichoning'inia ubavuni, akaniandikia tiketi ya ada palepale, nikalipa taslimu huku abiria wa pembeni akijifanya haoni. Kadi inalipa nauli tu. Geti halijui unapanda treni gani. Likifunguka halijasema kwamba umemaliza kulipa.

Tena ilikuwa hasara ya bure, maana Beppu na Oita zimeachana kilomita 12 tu. Treni ya kawaida, inayosimama kila kituo, inachukua takriban robo saa. Sonic inakuokolea dakika chache ambazo hutajua uzifanyie nini.

Hatua ya tatu: nunua

Mahali pa kununulia ni patatu: dirishani, kwenye mashine, au kwenye intaneti.

Kwa safari ya kwanza mimi hupendekeza dirisha. Tafuta bango la kijani, "Midori no Madoguchi", yaani dirisha la kijani. Usitegemee kuzungumza. Andika kwenye kikaratasi: tarehe, saa, unakotoka, unakokwenda, idadi ya watu, kisha moja kati ya maneno mawili, 指定席 kwa kiti chenye nambari au 自由席 kwa kiti huru. Mkabidhi karani kwa mikono miwili. Atakugeuzia kioo uone alichokiandika, atanyoosha kidole kwenye bei, na utaweka pesa kwenye kisahani kilichoko kaunta. Pesa huwekwa kwenye kisahani, haikabidhiwi mkononi. Chenji nayo itarudi hapohapo, noti zikihesabiwa mbele ya macho yako moja moja.

Majina manne ya kuyatambua kwa macho: 博多 ni Hakata, 小倉 ni Kokura, 別府 ni Beppu, 大分 ni Oita. Ukizishika alama hizo nane, ubao wa treni hautakutisha.

Tahadhari kuhusu saa. Ratiba za Japani zimeandikwa kwa saa 24, na sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Nimemshuhudia ndugu mmoja aliyeambiwa na mwenzake kwa Kiswahili "treni ni saa mbili usiku" akaja kuitafuta treni ya 02:00. Hakuna treni saa hiyo. Stesheni yenyewe imelala. Saa mbili usiku ni 20:00. Mkipeana ahadi, tajaneni tarakimu kama zilivyochapwa kwenye ratiba.

Intaneti ndiyo nafuu. Kampuni ya reli ya Kyushu huuza tiketi za punguzo ziitwazo Kyushu Net Kippu, na zipo nyingine za bei ya chini zaidi kwa anayenunua siku kadhaa kabla. Sharti lake ni kwamba ununue kabla ya kusafiri, na baadhi hazibadilishiki kirahisi ukishalipa. Ukienda kuchukua tiketi kwenye mashine, nenda na kadi ileile ya benki uliyolipia.

Mwanafunzi ana silaha nyingine: "gakuwari". Safari ikizidi kilomita 100 kwa upande mmoja, mwanafunzi wa chuo kinachotambuliwa hupunguziwa asilimia 20 ya nauli. Hakata hadi Beppu ni kilomita 188, kwa hiyo inaingia. Lakini kitambulisho pekee hakitoshi. Unahitaji cheti maalumu kinachotolewa na chuo, ukipeleke dirishani pamoja na kitambulisho. Na punguzo ni la nauli tu, ada ya ekspresi unalipa yote. Kwa hiyo piga hesabu kabla: mara nyingi tiketi ya punguzo ya intaneti inaishinda gakuwari. Wanafunzi wengi wanakimbilia cheti kwa sababu kina muhuri, na muhuri tunaupenda.

Mtoto chini ya miaka 6 akiwa na mtu mzima hasafiri kwa kulipa, maadamu hachukui kiti chake mwenyewe. Kuanzia 6 hadi anapomaliza shule ya msingi analipa nusu.

Zile pasi za watalii za siku kadhaa, ambazo utaziona zikisifiwa kila kona, ni za watu walioingia Japani kwa matembezi mafupi. Ukishapewa kadi ya ukaazi, haikuhusu. Wazazi wakija kukutembelea, hapo sawa, waulizie pasi ya Kyushu ya Kaskazini, inafika Beppu.

Hatua ya nne: panda, na ujiandae kugeuza kiti

Hutapekuliwa. Hakuna mashine ya kupitisha mizigo wala mbwa wa kunusa kama kwenye SGR yetu, na hakuna haja ya kufika saa nzima kabla. Dakika 15 zinatosha. Getini, kama una karatasi mbili zipachike zote kwa pamoja zikiwa zimebebana. Mashine itazimeza na kuzitema upande wa pili. Zichukue! Utazihitaji kutoka. Ukisita, kando ya mageti kuna mlango wenye mtu. Mwonyeshe tiketi, atakupitisha.

Jukwaani, sakafu ina alama za nambari za mabehewa. Simama kwenye foleni ya behewa lako. Mlango utasimama pale pale ulipochorwa, na kama mimi, utacheka kidogo mara ya kwanza.

Sonic ni za aina mbili. Ya buluu, iliyoanza mwaka 1995, ina viti ambavyo sehemu ya kuegemeza kichwa imechomoza masikio mawili kama ya panya wa katuni. Nyeupe ni ya mwaka 2000, viti vyake vimetulia zaidi. Zote mbili zimesanifiwa na Eiji Mitooka, na zote zinajilaza kwenye kona ili zisipunguze mwendo. Ukiwa na tumbo jepesi, usile ubwabwa mzito kabla ya kupanda.

Sasa jambo la Kokura. Kijiografia, Sonic inatoka Hakata kwenda kaskazini-mashariki hadi Kokura, halafu inatakiwa ishuke kusini. Reli hazizunguki, treni inaingia Kokura, inasimama dakika chache, na kuondoka kwa mkia. Aliyekuwa anatazama mbele sasa anarudi kinyumenyume. Ndipo utaona behewa zima linainuka kama limeamriwa. Kila mtu anakanyaga kipedali kilicho chini ya viti, anavizungusha viti viwili nusu duara, "trak", anakaa tena, anaendelea kusoma gazeti. Hakuna aliyetoa amri. Tangazo fupi tu. Kama uko na mwenzako usiyemjua, subiri naye asimame, sema "sumimasen", yaani samahani, mgeuze pamoja. Ukibaki umekaa, mtu wa nyuma yako akigeuza chake mtatazamana magoti kwa magoti hadi Beppu.

Kwa sababu ya mgeuko huo, hesabu ya dirisha nayo inageuka. Bahari utaiona kushoto baada ya Kokura, hasa mnapokaribia Beppu na ghuba inafunguka. Lakini kushoto baada ya Kokura ni kulia ulipotoka Hakata. Kwa hiyo Hakata, kaa dirisha la kulia. Anayepandia Kokura akae kushoto moja kwa moja. Na ukiwa upande wa milima usinung'unike: dakika za mwisho, kuanzia kama Kamegawa, utaona mvuke mweupe ukipanda kutoka mitaa ya Kannawa.

Anayetoka Osaka au Tokyo anashuka shinkansen hapo Kokura, anapita geti la kubadilishia ndani kwa ndani, na Sonic inamfikisha Beppu kwa saa moja na robo hivi.

Hatua ya tano: shuka na uchague mlango

Chini ya ngazi kuna njia mbili. Mlango wa mashariki unatazama bahari na mji wa kale. Wa magharibi unatazama mlima. Ukipotea, telemka barabara kuelekea bahari. Beppu imekaa kwenye mteremko, na mteremko hauongopi.

Nje ya mlango wa mashariki utakutana na sanamu ya mzee mwenye kipara, mikono juu, mguu mmoja hewani, joho linapepea, na kishetani kidogo kimelining'inia. Huyo ni Aburaya Kumahachi, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufariki 1935. Alifilisika kwenye biashara ya mchele, akaenda Marekani, akarudi, akaanzisha nyumba ya wageni Beppu mwaka ambao stesheni hii ilifunguliwa. Mwaka 1928 aliingiza barabarani mabasi ya watalii yenye wasichana wa kueleza njia, jambo ambalo Japani ilikuwa haijaliona. Nadhani ndiye mtu pekee aliyesimamishwa mbele ya stesheni akiwa na furaha ya kweli. Kwingine utaona majenerali. Ni mahali pazuri pa kukutania: "Tuonane kwa yule mzee," na hakuna atakayekosea.

Karibu naye kuna birika la mawe lenye maji ya moto ya chemchemi, la kutumbukiza mikono. Ni bure. Ukifika mwezi wa pili umetoka Dar es Salaam, vidole vimekufa ganzi kwa kuvuta sanduku, weka begi chini na utumbukize mikono hadi kiwikoni. Usijaribu kunawa uso wala kuosha kikombe.

Mwenye muda na aliyechoka zaidi, dakika chache kwa miguu kutoka mlango huo kuna bafu la umma liitwalo Ekimae Koto Onsen, jengo la mwaka 1924 lenye sura ya nyumba ya Kizungu. Oga kwanza kwa sabuni pembeni, kisha ndio uingie kwenye dimbwi. Atakayeingia na povu atafanya wazee wa mtaa wamtazame kwa namna asiyoisahau.

Hatua ya sita: tua mzigo

Stesheni ina makabati ya kukodi. Weka mzigo, tia sarafu, ondoka na ufunguo. Mengi yanataka sarafu za yeni 100, kwa hiyo vunja noti mapema kwa kununua maji dukani. Makubwa yanayomeza sanduku la kusafiria ni machache na huwahiwa asubuhi. Ukikuta yamejaa, uliza kwenye ofisi ya taarifa za wageni iliyopo hapo stesheni, Kiingereza kinaeleweka.

Ipo pia huduma ya kutuma mizigo, "takkyubin". Unaacha sanduku leo kwenye duka la saa 24, kesho au keshokutwa linafika mlangoni kwako. Mtu aliyezoea kumkabidhi kondakta kifurushi kisha kupiga simu kila saa ataona ni uchawi.

Kuhusu chakula: chini ya reli na jirani yake utapata maduka na migahawa. Chakula cha mkoa huu ni "toriten", kuku aliyekaangwa ndani ya unga mwepesi, na watu wetu humpokea bila mabishano. Kwa Mwislamu, kumbuka kwamba kuku huyo hakuchinjwa kwa utaratibu wetu, na supu nyingi zina nguruwe au pombe ya kupikia hata pale usipoiona. Mjini Beppu upo msikiti, na wanafunzi wa huko watakuelekeza maduka ya halali haraka kuliko ramani yoyote.

Hatua ya saba: basi la kupanda mlimani

Chuo cha APU, kilichofunguliwa mwaka 2000, kiko juu mlimani, nje kabisa ya mji. Basi hutumia kama nusu saa au zaidi kidogo. Mengine yanaanzia stesheni, mengine yanapatikana kwa wingi zaidi Kitahama, kituo kilicho upande wa bahari, dakika zisizofika kumi kwa miguu ukiteremka barabara ya mlango wa mashariki. Uliza ofisi ya wageni ubao wa ratiba ya siku hiyo, kwa sababu ya siku za masomo na ya likizo hazifanani.

Namna ya kupanda ni kinyume cha daladala. Unaingia mlango wa nyuma au wa katikati. Hakuna konda wa kukuita. Mlangoni kuna kimashine kinachotoa kikaratasi chenye nambari; kichukue. Mbele juu ya dereva kuna ubao wa taa wenye nambari na nauli, na nauli chini ya nambari yako inapanda kadiri basi linavyokwenda. Ukikaribia kushuka bonyeza kitufe, subiri basi lisimame kabisa, ndipo uinuke. Nenda mbele, tia kikaratasi na pesa kamili kwenye kisanduku. Pesa kamili, maana dereva hatoi chenji. Pembeni ya kisanduku kuna mashine ya kuvunja pesa, lakini nyingi hukubali noti ya yeni 1,000 tu, na noti mpya za mwaka 2024 au sarafu mpya ya 500 wakati mwingine hukataliwa na mashine za zamani. Aliyepanda na noti ya 10,000 atawachelewesha watu arobaini, na hakuna atakayemgombeza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Dawa ni kadi. SUGOCA inauzwa kwenye mashine za stesheni. Yeni 500 kati ya ulizolipa ni dhamana, utarudishiwa ukiirejesha. Tangu mwaka 2013 kadi kuu za Japani zinakubaliana, kwa hiyo ukiwa na Suica ya Tokyo itagusa hapa pia, kwenye treni na kwenye mabasi ya mjini. Gusa unapoingia, gusa unaposhuka.

Teksi zipo mlangoni pande zote. Mlango wa nyuma wa teksi unafunguliwa na dereva kwa swichi yake. Usiuvute, usiufunge.

Ukishakuwa mwenyeji

Utakayekuwa unasafiri kila siku kwenda shule au kazini nunua tiketi ya muda, "teikiken", ya mwezi mmoja, mitatu au sita. Ya wanafunzi iko chini sana, ila si kila aina ya mwanafunzi anayestahili, hivyo anzia ofisi ya chuo.

Ubao ukisema 上り, "nobori", ni treni inayopanda, yaani inaelekea Kokura na hatimaye Tokyo. 下り, "kudari", inashuka kwenda Oita na Miyazaki. Haihusiani na mlima. Huku mji mkuu ndio juu.

Treni za kawaida mara nyingi zina dereva peke yake. Kwenye vituo vidogo visivyo na mfanyakazi, tembea hadi behewa la kwanza ushukie mlango wa mbele, umwonyeshe au umlipe dereva. Mlango usipofunguka wenyewe, tafuta kitufe pembeni yake. Baridi ikikolea hufungwa ili joto lisitoke.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu, Beppu ina lifti na wafanyakazi. Mwambie mtu wa getini unakokwenda. Ataleta ubao wa kukunja, ataulaza kati ya jukwaa na behewa, kisha atapiga simu kituo unachoshukia, na utamkuta mwenzake amesimama na ubao mwingine mbele ya mlango uleule. Vituo visivyo na mtu vinahitaji taarifa mapema, kwa hiyo piga simu siku moja kabla. Mji huu una historia na jambo hilo. Daktari Yutaka Nakamura alianzisha hapa Taiyo no Ie mwaka 1965, mahali ambapo watu wenye ulemavu wanafanya kazi ya mshahara, na tangu 1981 mkoa wa Oita una mbio za kimataifa za viti vya magurudumu. Ndiyo maana utaona watu wa magurudumu mitaani kuliko miji mingi.

Treni ikichelewa, omba kikaratasi cha kuthibitisha, "chien shomeisho". Mwalimu atakipokea bila maswali. Na ekspresi ikichelewa kufika kwa saa mbili au zaidi, ada ya ekspresi hurudishwa yote, usiitupe tiketi.

Ukisahau kitu ndani ya treni, nenda getini useme "wasuremono", kisha chora au eleza: rangi, ukubwa, treni ya saa ngapi, behewa la ngapi. Nilimsindikiza dada mmoja aliyesahau kanga zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Karani aliandika "kitambaa, chenye maandishi", akauliza maandishi yanasema nini. Tulitazamana. Tukamtafsiria. Akaandika yote bila kucheka, na baada ya siku mbili kanga zilikuwa dirishani zimekunjwa vizuri kuliko zilivyopotea.

Siku ya kumsindikiza mtu anayeondoka, usiagane naye getini. Kwenye mashine ileile ya tiketi kuna kitufe cha "nyujoken", tiketi ya bei ndogo ya kuingia jukwaani bila kusafiri. Inunue, mbebee sanduku hadi kwenye alama ya behewa lake, kisha ubaki nje ya mlango, kwa sababu tiketi hiyo hairuhusu kukanyaga ndani ya treni na Sonic haisubiri mtu aliyepanda kumpangia mwenzake mizigo. Na mkumbushe: bahari iko kulia, Kokura atageuza kiti.